Mikate Thelathini Iliyoungua

Dada yangu mpenzi,

Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba hutaichana kabla ya kufika chini. Mimi sijambo, tena nimenenepa. Sketi niliyotoka nayo kule haifungi. Anwani yako nimeipata kwa shangazi baada ya kumsumbua wiki tatu. Nina ombi zito, lakini niache kwanza nikuchekeshe.

Ndiyo, tumetoka kwenye Jumuiya, tukawaachia wazee dini yao na sheria zao, mimi na mama, mwaka wa pili sasa. Tumepanga chumba kimoja. Yeye kachukua kitanda, mimi nalala kwenye godoro chini, na bado anakoroma vilevile. Ninafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Mwanzoni nilikuwa kichekesho: niliomba ruhusa hata ya kunywa maji! Dukani nilisimama mbele ya magauni nikingoja mtu aniambie lipi linaruhusiwa, mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kuyahesabu. Nikanunua la njano. Halinikai vizuri, nalipenda kupita kiasi.

Sasa sikiliza hili. Mwezi wangu wa kwanza kazini niliunguza mikate thelathini. Unajua mkosaji kule kwetu alivyotakiwa kufanya. Basi nikavua viatu, nikasimama katikati ya chumba cha tanuri, mikono nyuma, nikatangaza kosa langu kwa sauti, kisha nikawaomba wenzangu wanitajie na mengine waliyoyaona kwangu. Mashine ya kukanda ikazimwa. Walidhani nimefiwa. Mwokaji mkuu, mama mmoja asiyejua kunong'ona, akaniuliza kama miguu haiungui kwenye sakafu ile. Akasema nivae viatu na nipunguze moto, maana wakianza kutaja makosa yangu yote, mikate haitatoka siku hiyo. Walicheka mpaka machozi. Nami nikacheka, halafu nikalia kweli, mwokaji mkuu akanishika bega mpaka nikatulia. Tangu hapo nimeunguza mara nne, na ninasema tu kwamba jamani, imeungua.

Nazungukazunguka, dada. Ile redio uliyoficha ndani ya mto wa kulalia, iliyowafanya wazee wakufukuze na kutukataza hata kukutaja, ni mimi niliyeisema kwao. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakanisifu mbele ya watu, wakanikalisha kiti cha mbele, na nilifurahi. Hilo la kufurahi ndilo linaloniuma zaidi. Shangazi anasema miaka yote hii unaamini ni mama. Si mama. Alijua, akanyamaza ili usinichukie mimi.

Nisamehe, dada. Ukishindwa, nikasirikie upendavyo, ni haki yako. Ila mama mwandikie, hata mstari mmoja. Jumapili sina kazi. Ukisema tuje, tutakuja sote wawili. Ukisema aje peke yake, nitampandisha basi mwenyewe, nimchagulie kiti cha dirishani, nibaki stendi nikipunga mkono.

Wasalimie shemeji na watoto nisiowajua. Waambie wana mama mdogo, kama utapenda wajue.

Ni mimi mdogo wako,
Chechele