Muuaji Anayesema Pole

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, halafu nalisalimu goti lako, maana najua ukishakaa kwenye cherehani hulipi nafasi ya kupumzika. Wapwa zangu hawajambo? Yule mdogo ameacha kutafuna kola za shati? Mimi ni mzima, isipokuwa kichwa kinachoniuma tangu tuanze filamu hii, na chanzo cha maumivu hayo kinaishi nyumbani kwako, kinakula chakula chako na kukuita mama watoto.

Utajiuliza kwa nini nimekujibu kwa barua na simu ipo. Simu yako siku hizi anaipokea mumeo, na anaipokea kwa lafudhi. Juzi nilipopiga aliniuliza, kwa sauti ya kukwaruza, ni nani aliyenituma. Nikakata.

Unajua nafasi ile ya kuigiza aliipataje. Mwongozaji wetu alikwenda zahanati kuchomwa sindano, akamkuta shemeji kazini, hana tabasamu, ana lile kovu la baiskeli juu ya nyusi. Akarudi akitangaza kwamba amempata muuaji wake wa kukodiwa, na kwamba uso kama ule haufundishwi. Wewe nawe ukanipigia simu, ukasema kwa kuwa mimi ndiye fundi sauti pale, nimshike mkono mumeo asije akaaibika. Nikaitikia. Laiti ningejua!

Katika hadithi, bwana mkubwa wa genge anamleta muuaji kutoka nchi ya mbali, kwa hiyo ni lazima aongee kama mgeni. Nchi gani, hakuna aliyesema. Shemeji akajitungia lafudhi yake mwenyewe: anazikokota r zote kama anayekoroma, na anameza irabu za mwisho. Mstari wake mkuu ni "Umefika mwisho wako, rafiki." Yeye anasema, "Umefik mwish wak, rrrafik." Siku nyingine akifika katikati anazikumbuka zile irabu, basi anazimwaga zote kwa mpigo, rafiki anakuwa "rafikiii", na muuaji anageuka mwalimu wa chekechea. Nilimwomba, kwa heshima zote, achague lafudhi moja alale nayo. Akaniambia mimi ni mtu wa nyaya, sanaa niwaachie wenyewe. Nikarudi kwenye nyaya zangu.

Na lafudhi ni nusu tu ya balaa. Miaka ishirini na minane ya kuchoma watu sindano haimtoki mtu kwa siku moja. Akishika bastola, huiinua juu na kuigonga kwa kidole, kama anayetoa hewa kwenye sindano. Kisha humwambia yule anayekwenda kumuua, kwa upole kabisa, "Pole, utasikia kidogo tu." Hayo hayamo kwenye maandishi, dada! Mwongozaji akapiga kelele, "Kata!" Tukarudia. "Pole." Kata. Mara ya tisa alijikaza, akafyatua risasi bila kusema neno, sote tukashusha pumzi. Halafu akainama, akamsugua maiti mkono pale risasi ilipoingia. Maiti akacheka. Siku nzima ikapotea, na tulipokuwa tunakunja nyaya shemeji akaninong'oneza kwamba mwenzake aliyekufa hajui kuigiza.

Picha zilipokamilika, mwongozaji alikaa nami chumba cha sauti akasikiliza kila kitu. Alishika kichwa. Akasema zile pole zitakatwa na uso utabaki, lakini sauti haiwezekani, bora amtoe kabisa aanze upya na mtu mwingine. Nikakumbuka simu yako. Nikamwomba anipe siku tatu.

Dada, hapa ndipo ninapopiga magoti. Sauti iliyomo kwenye filamu si ya mumeo. Ni yangu. Nilitundika mablanketi ukutani, nikafunga mlango, nikayasema maneno yake yote mimi, nikiufuata mdomo wake neno kwa neno. Hata irabu nilimeza, maana mdomo wake unafunga kabla neno halijaisha.

Yeye hajui. Nilikusudia kumwambia kabla hajaiona filamu, lakini tulionyeshwa sisi wafanyakazi kwanza, naye akakaa mbele yangu. Muuaji alipofungua mdomo, chumba kizima kilishangilia. Shemeji akatokwa na machozi. Akanigeukia, akasema hakujua kwamba Mungu amempa sauti kama ile, na kwamba mitambo yangu imeitoa ilikokuwa imejificha. Nikasema ndiyo. Ulimi hauna mfupa.

Umeniandikia kwamba siku hizi anaamka akiimba, na kwamba hujamwona hivyo tangu mwoane. Barua yako ilinichoma, kwa sababu kuna jambo hujaambiwa. Mtayarishaji mwingine ameisikia sauti ile, na anamtaka shemeji kwa mchezo wa jukwaani, ambako hapana mtu wa kumsemea. Shemeji amenionyesha barua ya kuacha kazi. Amebakiza miaka miwili tu astaafu, na ataipeleka zahanati Jumatatu, baada ya onyesho la filamu kwa watu wote Ijumaa, mtakakokaa pamoja.

Tena usidhani nilitenda wema. Nafasi ile niliiomba mimi kwanza, sikukwambia. Mwongozaji alinitazama juu na chini, akasema sura yangu ni ya mtu anayeuliza njia. Kwa hiyo manung'uniko yote uliyoyasoma hapo juu yana haki ndani yake, lakini yana wivu pia. Watu walipoishangilia ile sauti nilitaka kusimama niseme ni mimi. Nilikaa kimya kwa woga, si kwa huruma, na sasa mtu mzima anataka kuacha kazi anayoijua kuliko wote, kwa ajili ya koo langu.

Nitafika kwako Alhamisi mchana nimwambie ana kwa ana. Naomba uwepo, na hiyo barua yake ya kazi uitafute uishike wewe. Nikishindwa kufungua kinywa, utamwambia wewe Ijumaa bila kutamka neno. Wewe ndiye uliyenilea, sauti yangu utaitambua muuaji akianza tu kusema. Na mumeo hatakuwa anatazama filamu, amekwisha kuiona. Atakuwa anakutazama wewe.

Wabusu wapwa zangu, na majirani wote wanaoniulizia waambie nipo. Shemeji usimpe salamu zangu kwanza, hizo nitampa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Masikio