Maji ya Kisima cha Bi Zuhura

Jumatatu, 6 Oktoba

Swala ya alfajiri, kisha barazani. Kahawa chungu, kikombe kimoja. Bomba halitoi maji tangu wiki jana. Kichochoro kizima tunachota kisimani kwa jirani yangu, Bi Zuhura, kama walivyochota wazee wetu.

Nimewakumbuka watu wa chuo kikuu. Walikuja kabla ya mfungo, Daktari Mwakio na wanafunzi wake, wakachukua maji ya kisima hicho na ya visima vingine vya mtaa katika vichupa ili wakayapime. Mimi ndimi niliyewapitisha nyumba kwa nyumba. Walisema wataleta majibu. Hawajaleta. Hapana aliyewauliza. Mgeni haulizwi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Habari kutoka kwa mzee wa mtaa: chuo kitakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Siku ya Huduma kwa Jamii. Watapaka ukuta wa madrasa rangi, watagawa fulana. Maulidi, muuza kahawa, aliuliza kama nasi tutapakwa. Watu walicheka. Sikucheka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Rukia, mjukuu wa Bi Zuhura, anahara tena. Hospitali wamesema achemshiwe maji. Bi Zuhura amekasirika. Kisima kilichimbwa na babu yake. Lakini ana hofu pia. Alinijia barazani.

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyewaleta. Waulize maji yangu yana nini."

Nilimwambia ni aibu kumdai mgeni.

"Mgeni gani achukuaye maji ya mtu asirudi?"



Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda chuoni. Kanzu, koti, bakora. Karani wa mapokezi ana adabu. Alinipa kiti, kisha akaniuliza kama nina miadi. Daktari yuko ng'ambo. Amealikwa mkutanoni kuzungumza juu ya visima vya Mombasa. Atarudi Ijumaa.

Basi walimwengu wameshaambiwa. Bi Zuhura hajaambiwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wamekuja. Bango refu, lina makosa mawili. Wanafunzi wamepaka ukuta rangi ya kijani, na kwa kweli wameupaka vizuri. Daktari alihutubu juu ya wajibu wa chuo kwa jamii ya karibu na ya mbali.

Bi Zuhura akatoka na sinia. Alikuwa ameufukiza mtungi kwa ubani, kama afanyavyo kwa mgeni wa heshima. Daktari akapokea bilauri, akashukuru, akaishika. Akazidi kuishika. Wanafunzi wakamtazama yeye. Hapana aliyekunywa. Mwisho akairudisha juu ya sinia, imejaa.



"Kunywa, baba," akasema Bi Zuhura. "Ni yale yale mliyoyachota."

"Mama, si vizuri."

"Si vizuri kunywa, au si vizuri kuniambia?"

Hapo Daktari akasema, kwa sauti ndogo. Maji yameingiliwa na uchafu wa mashimo ya vyoo. Wamejua tangu walipoyapima. Walikuwa wakingoja ripoti ipitishwe. Tena hapana aliyewauliza, alidhani hatujali.

Kumbe sisi hatukuuliza kwa sababu ya adabu.

Nilimwambia mbele ya wanafunzi wake: "Mlibisha hodi, mkakaribishwa. Mgeni huaga. Nyinyi mlichota mkaenda."

Bi Zuhura akayamwaga yale maji mferejini, bilauri baada ya bilauri. Rangi ya ukuta ilikuwa mbichi bado.

Jumapili, 19 Oktoba

Hasira haijaniisha. Bi Zuhura hajafungua mlango wa uani penye kisima. Wengine wananung'unika: maji ya mkokoteni ni ghali, na kisima ni cha wote. Wameusukuma mlango. Hakufungua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Daktari amerudi. Bila bango, bila fulana. Alikwenda kwanza kwa Bi Zuhura, akamtaka radhi mlangoni.

"Nimekusikia," Bi Zuhura akamwambia. Hakusema amemsamehe.

Kisha alikaa barazani kwangu akawasomea watu majibu, kisima kwa kisima, kwa Kiswahili. Aliulizwa mengi. Waliokuwa wakiusukuma mlango ndio waliouliza zaidi. Maulidi alimmiminia kahawa.

"Kunywa, Daktari. Maji ya mkokoteni haya, na yamechemka."

Alikunywa. Ameahidi maji yatapimwa kila mwezi, na majibu yatasomwa hapa kabla ya kupelekwa kwingine. Tutaona.

Jumatano, 12 Novemba

Wiki iliyopita alikuja binti mmoja, mwanafunzi wa Daktari. Alibisha hodi, akachota, kisha akapita baraza baada ya baraza akiaga. Leo amerudi na majibu. Maji bado si mazuri.

Rukia ni mzima. Ameshinda uani akicheza. Kisima kimefunikwa ubao, ndoo na kamba yake vimetundikwa ukutani. Katika umri wangu wote sijapata kuiona ile kamba imekauka.