Wadenmaki Waliokimbilia Kanisani

La Rochelle,
Johannesburg.
14 Septemba 2025.

Mpendwa dada Orpha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumba yako hapo Kalemie. Goti linaendeleaje? Arlène alituandikia kwamba sasa unafika sokoni bila fimbo, nasi tukashukuru. Huku sote tu wazima. Mke wangu Léocadie alishikwa na mafua wakati wa baridi lakini yamekwisha. Kazi ya kushona ipo, zaidi ni sare za kwaya.

Uliuliza tena binti yetu Gaëlle anasoma nini chuoni. Ni historia. Mwaka huu wanafundishwa Ulaya ya zamani, na yeye amechagua kuandika juu ya Wadenmaki, wale waliovuka bahari kwa merikebu kuwapora Waingereza, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Nilimwambia sioni hiyo itamlisha nini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama walivyo watoto waliozaliwa huku, kwamba baadaye wengi wao walibaki, wakalima, wakafanya biashara, wakaoa huko huko na kubatizwa. Nikamwacha.

Sasa nikueleze mambo ya mwezi wa nane, maana najua umeyasikia kwa watu, na watu huongeza chumvi.

Karatasi zilibandikwa kwenye nguzo za umeme, kwamba Jumamosi kutakuwa na maandamano na wageni wote wawe wameondoka. Karatasi za namna hiyo tumeziona. Nyingine hupita tu, nyingine hazipiti. Nilifunga kibanda changu pale pembeni ya barabara, nikabeba cherehani hadi nyumbani. Mchungaji Ezéchiel akatangaza kwamba waumini wote waje kulala kanisani Yeoville. Geti lingefungwa, wanaume wangelinda kwa zamu, na hakuna ambaye angethubutu kugusa nyumba ya Mungu. Niliona ni shauri jema. Léocadie akafunga mablanketi.

Gaëlle akasimama mlangoni, na safari hii hakutumia Kiingereza.

“Papa, kanisani hapana.”

Nilimuuliza kwa nini, ndipo akanieleza. Katika mwaka wa 1002 mfalme wa Waingereza aliamuru Wadenmaki wote waliokuwa nchini mwake wauawe, siku moja ya mwezi wa Novemba. Waliokaa mji wa Oxford walikimbilia kanisani, wakavunja makufuli wakaingia, kwa kuwa na wao walikuwa Wakristo na waliamini hawatafuatwa mle. Wenyeji waliwafuata, wakashindwa kuwatoa, wakalichoma kanisa pamoja nao. Mfalme mwenyewe aliyaandika hayo baadaye, wala hakuona haya. Aliwafananisha na magugu yaliyoota kwenye ngano.

Mfano huo ninaujua tangu shule ya Jumapili. Mwenye shamba alikataza magugu yasing'olewe. Nilimwambia hivyo Gaëlle, akasema labda mfalme hakusikiliza mpaka mwisho.

Bado nilitaka twende. Mtu huwezi kumwambia mchungaji kwamba umezuiwa na Wadenmaki. Lakini wakati mimi na mama yake tukibishana, yeye alikuwa ameshavuka ua kwenda kwa mwenye nyumba.

Huyu tunamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Ni mjane, tunapanga vyumba vyake vya nyuma. Usifikiri ni rafiki yetu. Tumegombana juu ya maji na juu ya kelele za cherehani, na miaka yote hiyo sikuwahi kuingia ndani kwake zaidi ya jikoni. Alikuja, akatazama mablanketi, akasema tuyapeleke sebuleni kwake.

Jumamosi mchana waandamanaji waliteremka na barabara yetu wakiimba. Gogo alitoa kiti akakaa getini na karai la maboga, akawa anamenya. Sisi tulikuwa sakafuni nyuma ya makochi. Vijana kadhaa wakasimama wakamuuliza kama ndani mna wageni. Gaëlle anakisikia Kizulu vizuri, akatunong'oneza jibu lake:

“Hapa ni kwangu. Waliomo ndani ni watu wangu.”

Mmoja wao, nadhani alimfahamu, akamwamkia, wakaenda zao. Kibanda changu ndicho walichovunja, wakachukua vitambaa na pasi. Sisi hakuna aliyetugusa.

Kanisani nako hakikutokea kitu. Walikula wali, wakaimba, wakalala. Jumapili iliyofuata Mchungaji alinitania mbele ya watu juu ya imani yangu ndogo, nami nikacheka pamoja nao. Nilipomwambia Gaëlle, alisema hata wale wa Oxford, kama siku ile ingepita salama, wangecheka Jumapili. Sijui nani alikuwa na haki. Labda wote.

Baada ya hapo alimwendea mwalimu wake, Kathambi, mama mmoja Mkenya, akamuuliza kama kuna Mwingereza yeyote aliyeandikwa kwamba alimficha Mdenmaki siku ile. Kathambi akasema lazima walikuwepo, maana Wadenmaki hawakwisha Uingereza, ila yeye hajui hata jina moja. Maandishi yanamtaja mfalme, kanisa na moto. Waliofungua milango hawamo. Gaëlle alirudi, akala. Kisha akaenda kumwoshea Gogo vyombo, na mpaka leo huenda kila jioni.

Umetuambia tufunge virago turudi. Nimekusikia, dada, wala sikatai moja kwa moja. Lakini mlango wa kibanda nimeshautengeneza, na mtoto bado hajamaliza masomo.

Nisalimie Arlène na Hénock, na mama Zabibu wa nyumba ya pili. Mungu akulinde utokapo na uingiapo. Na mnapokutana kwa maombi, mkitutaja sisi, mtajeni na Gogo. Jina lake kamili ni Nomathemba Sithole.

Mdogo wako akupendaye hata kwa mbali,
Lambert