Peupe Katikati ya Mto

Kaka Elia,

Ulifariki Jumanne, wiki sita zilizopita, na picha yako ya mto ikabaki na mahali peupe katikati ya maji, ukubwa wa kiganja. Sijatulia tangu siku hiyo. Nina hasira na wewe, nakuambia wazi. Miaka kumi na moja tumechangia chumba cha kazi hapa Kaloleni, mimi na mabango yangu ya maduka, wewe na mito yako, halafu habari za presha yako nakuja kuzisikia msibani!

Jana mkeo alikuja. Jumamosi ni ibada ya shukrani huko kwenu Olmotonyi, anataka picha itundikwe sebuleni. "Wifi, hebu paka hapo. Watu watasema mume wangu aliishiwa rangi."

Nimeshika brashi mara nne, mara nne nimeiweka chini. Unajua kwa nini. Kwenye ile picha yako ya daraja niliona upenyo mweupe nikauziba, maana bango lenye upenyo mteja analirudisha. Siku mbili ukafanya kazi umenipa mgongo. Ya tatu ukasema, "Mama Rula, pale ndipo jua lilipokuwa linapita."

Na mimi nilivyokuwa nakucheka! "Mto gani wa zambarau, Kaka? Umemwagiwa juisi?" Ukaniambia rangi nisizivuruge kwenye sahani, niziweke jirani, macho yatazichanganya yenyewe. Sikuamini. Juzi nikaenda pale pale mtoni ulipokuwa unakaa, saa moja asubuhi. Maji zambarau. Upande wa migomba, rangi ya chungwa kabisa. Nikageuka nikuambie.

Basi nikarudi nikahesabu. Majini kuna alama za brashi mia mbili kumi na mbili, zote zimelalia kushoto, na kadiri zinavyopakaribia peupe zinazidi kuwa fupi. Kama mtu anayejua pa kusimama. Lakini saini haipo, na kila kazi iliyokwisha ulisaini. Lakini tena brashi nilizikuta zimeoshwa, na wewe hukuwahi kuosha brashi kazi ikiwa njiani. Nimejumlisha, nimetoa. Hesabu haitoki.

Kwaheri, Kaka. Makaburini sikukuaga vizuri, nilikuwa nahangaika na viti. Naahidi sitapagusa bila neno lako, hata wifi aninunie mwaka mzima. Ila nataka jibu moja, lililonyooka: ulipaacha, au hukupafikia? Jumamosi saa mbili asubuhi naifunga picha kwenye kanga, naondoka nayo. Nijibu kabla ya hapo.