Maembe Yasiyosuguliwa

Baba,

Najua ungeanza kwa kubisha, kwa hiyo nakuambia moja kwa moja: mwaka huu maembe ya shamba lako la Kulesa sijayasugua.

Ulitufundisha kuyaosha kwa sabuni ya unga na kuyasugua kwa kipande cha leso mpaka yang'ae, ndipo yaende soko la Garsen. "Embe chafu ni aibu ya mwenye shamba," ulikuwa ukisema. Nikasugua miaka yote hiyo, na kila mara siku ya tatu madoa meusi yametapakaa, wanunuzi wanatununia. Ulipofariki, Komora akasema miembe haina faida tena, aikate achome makaa. Nilimwomba msimu mmoja tu. Kaka yangu ni mgumu, unamjua, ulimzaa wewe.

Bibi shamba wa kilimo alipokuja nilimwonyesha tunavyosugua; akanicheka kidogo, kisha akanieleza. Juu ya ganda la embe huishi chachu, ndugu wa hamira ya mahamri, ila haionekani kwa macho. Hula utamu kidogo unaovuja kwenye ganda na kushika nafasi yote, hata ukungu wa madoa ukija unakuta hakuna chakula wala pa kukaa. Sisi tulikuwa tunawaosha walinzi wetu wenyewe, Baba. Sikujua nicheke au nilie.

Akanipa chupa ya chachu iliyokuzwa kutoka maganda ya maembe mazima. Niliichanganya na maji safi kwenye ndoo, nikachovya kikapu kimoja. Cha pili tu ndicho nilichokisugua kwa njia yako, Komora asije akasema nimependelea. Siku ya tano chako kilikuwa cheusi. Changu kilikuwa na maembe machache tu yenye madoa. Komora aliyageuzageuza akitafuta kosa, akala mawili, akauliza chupa nyingine inapatikana wapi. Kwake hiyo ndiyo samahani.

Miembe haikatwi.

Sikulaumu. Ulitufundisha usafi kwa mapenzi. Kinachoniuma ni lile embe nililokuletea hospitalini, limeoza upande mmoja. Ulikata pale pazuri ukanipa mimi, ukasema huna njaa. Nikala. Nililila lote, Baba.

Pumzika sasa. Nakuahidi embe la kwanza la kila msimu halitauzwa. Tutaligawana mimi na Komora, na hakuna atakayedanganya kuwa hana njaa.

Mwanao,
Hawaye