Sauti Yangu Kwenye Albamu Yako

Mdogo wangu Idrisa,

Shikamoo yako niliipata, marahaba. Natumaini wewe na mkeo hamjambo hapo Buzebazeba, na mtoto ameacha kukohoa. Mimi mwili hauna neno. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu sauti yangu sikutumii tena. Anayekuletea barua hii ni Zuhura, tuliyekuwa tukifanya naye kazi, anarudi nyumbani. Isome ukiwa peke yako.

Albamu yako imefika Muscat. Zuhura ndiye aliyeipiga kwenye simu wakati wa mapumziko, hapa dobi tunapofua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Sikufichi, ni nzuri. Ule wimbo wa wavuvi na dagaa waliopotea, besi lake linakutoa kitini hata kama miguu imevimba. Wenzangu walisema hawakujua kwamba Kigoma kuna watu wanapiga muziki wa soul na funk namna hiyo, nami nikajivuna, nikasema huyo nimembeba mgongoni.

Ukaja wimbo wa saba. Tarumbeta zikanyamaza, nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikilia.

Idrisa, maneno yale nilikurekodia na kukutumia wewe kwenye simu, siku niliyozidiwa. Nilikwambia paspoti yangu kaishika bosi, nasimama tangu alfajiri mpaka miguu haiingii kwenye viatu, na nikifa hapa sijui nani atamwambia Mama. Nikamaliza kwa kukuomba Mama asijue, kwa ile presha yake. Hilo la mwisho umelikata. Mengine yote umeyaweka, ukayatilia na kinanda.

Zuhura akanitazama. "Mbona huyu dada anaongea kama wewe?"

Nikamwambia watu wa Kigoma wote tunaongea hivyo.

Sasa wanakuita mtetezi wa wanyonge. Nimesoma wanayoandika mtandaoni. Mmoja anasema kaka umetusemea, mwingine anasema huyo dada anaigiza vizuri mpaka machozi yamemtoka. Shangazi naye kanisimulia kwamba kwenye harusi hapo Ujiji walikirudia kipande changu mara tatu, watu wanakata viuno, bibi harusi anatuzwa. Nilipokuuliza, ukanijibu, "Dada, sanaa inataka ukweli." Ukweli wa nani, wewe? Ungeniomba tu, pengine ningekubali. Umeimba wimbo mzima juu ya wakubwa wanaochukua vya watu bila kuuliza, halafu ukachukua kilio cha dada yako aliyekuogesha ziwani. Imeniuma sana, na bado inaniuma.

Mama alikuwepo kwenye harusi ile. Kesho yake akanipigia, hata salamu hakutoa.

"Mwamvua, yule anayelia kwenye wimbo wa Idrisa ni wewe?"

Nikacheka, Idrisa. Nilicheka kwa nguvu mpaka wenzangu wakageuka. Nikamwambia ni msichana mwingine wa huku huku, simjui, wewe uliipata sauti yake kwa watu. Mimi niko mapokezi ya hoteli, nimekaa kwenye kiyoyozi, kama ninavyomwambia siku zote.

Akasema, "Alhamdulillahi. Maana ningekufa, mwanangu, mwana wanje. Basi huyo naye ana mama yake. Nitamwombea."

Kwa hiyo usiende kumwomba radhi Mama, wala usijitie kusema ukweli sasa. Akikuuliza, jibu kama nilivyojibu mimi. Na kipande changu kiondoe popote unapoweza kukiondoa. Najua hakitaondoka chote. Kiondoe hivyo hivyo.

Nisalimie mkeo, umbusu mtoto. Shangazi mwambie mafuta ya mgongo nimempa Zuhura. Mama usimpe salamu zozote za barua hii, asijue kama imefika.

Naye tunaongea kila Ijumaa. Anamwombea yule msichana kila baada ya swala, na kabla hajakata simu lazima aniulize, "Yule mtoto wa watu, hamjasikia kama ametoka kwa yule bosi?"

Namjibu, bado, Mama.

Dada yako,
Mwamvua