Nyuma ya Barakoa

Jumapili, 2 Juni
Nimerudi nyumbani kutoka Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka. Daktari wa masikio alinifungia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, akanipigia vimilio. Nimevisikia vyote. Masikio mazima! Ila ubongo huchelewa kupanga maneno, hasa penye kelele. Kumbe hali hii ina jina. Nililia chooni — tangu shuleni naitwa zuzu.
Daktari kaniambia niwaeleze kazini. Nikaitikia tu. Muuguzi asiyeshika anachoambiwa, nani atamtaka?

Jumatatu, 3 Juni
Mkosi. Sista Keneuoe, mkuu wetu, amenihamishia chumba cha upasuaji. Kule wodi ya wazazi nilikuwa nasoma midomo ya watu. Huku wote wamevaa barakoa. Nikasema, "Asante, Mama." Asante ya nini?

Jumatano, 5 Juni
Dakta Ramakatsa kasema kitu. Nikasikia "pangusa". Nikampangusa jasho.
"Ahsante, Sista Lineo, nimependeza. Ila nilisema punguza. Punguza taa."
Wakacheka. Nami nikacheka. Nyumbani uji wa motoho umenishinda, na mama yangu anauliza kwa nini sinywi.

Ijumaa, 7 Juni
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Sista Keneuoe.
Asubuhi tumempasua mama mjamzito. Mtoto katoka salama, wa kike, kilio chake nilikisikia vizuri. Mama akaanza kutoka damu nyingi. Mashine zinalia, vyuma vinagongana, Ramakatsa anafoka. Nthatisi, anayempa vifaa, akahesabu vitambaa vilivyotolewa tumboni. Mimi nalinganisha na ubao: viliingia tisa.
Akataja idadi. Sita? Tisa? Barakoa tu mbele yangu.
Kwa kawaida nabahatisha. Tisa ingekuwa sawa na ubao, daktari angeendelea kushona, basi. Mkono ukakataa kuandika.
"Rudia, dada."
Karudia. Sikuipata.
"Nionyeshe kwa vidole."
"Wewe vipi? Huna masikio?"
"Ninayo. Nionyeshe."
Kanyosha vidole sita. Ramakatsa akaacha sindano hewani. Viwili vilikuwa vimeanguka chini ya meza. Cha tatu alikitoa ndani ya yule mama, kimelowa damu.
Hakuna aliyecheka.
Baadaye Sista Keneuoe akaniuliza mbona nilihitaji vidole. Nikamwambia yote, hata jina la hali yenyewe. "Miaka yote hii, Lineo?" Akaniambia nikae hapa.
Sasa yuko ndani na Ramakatsa. Sauti zinapita mlangoni, maneno hayapiti. Nimesikia "hatari". Au "hodari". Sijui.
Mlango umefunguka. Sista kasimama, barakoa bado usoni, kasema kitu kifupi. Ananingoja.
Nimemwomba aishushe, arudie. Mkono wake unapanda sikioni, kwenye uzi wa barakoa —